Ngazi Nyembamba ya Mama

Jana, nilipokuwa nikiosha viazi, udongo ulioganda kwenye maganda ulilowa na kutoa harufu ya mlima wa Kipese, tulikokimbilia wakati wa vita.

Mjomba, kaka yake mama, alitupokea, akamwambia mama achague shamba: kipande kipana bondeni, kando ya shamba lake, au ngazi nyembamba iliyochimbwa kwenye mteremko. Sisi watoto tulitaka bonde. Mama aliokota konzi ya udongo wa bondeni, akaufinya. Ukanata vidoleni kama ugali mbichi. Akapanda mlimani, akafinya na wa huko. Ulishikamana, lakini alipougusa kwa kidole gumba ukaachana, laini, wenye chembe za mchanga. Akanipa niushike. Ulikuwa na uvuguvugu wa jua.

"Ile ya chini inafunga maji, viazi itaoza," akasema. "Hii inakunywa yenye kuitosha, ingine inaacha ishuke."

Mjomba akacheka. "Mais, lakini dada, uko na batoto tano! Kale kashamba kataweza kubalisha?"

"Tutaona."

Mvua ya msimu ule haikukatika. Bondeni maji yalisimama kati ya matuta, na viazi vya mjomba vikaoza ardhini. Kwetu juu, kila jembe lilipoinuka, viazi vilibingirika vikavu, navyo tukajaza vikapu sita.

Mama alimpa mjomba vikapu viwili. Kisha tulikula sote, tukiungua vidole, na mama, kwa mara ya kwanza tangu tukimbie, akalala mchana.