Marafiki Aliopangiwa

Juzi nilikaa kwenye benchi la ofisi moja ya uangalizi wa wafungwa wa nje, jirani na Kariakoo, nikimsubiri ndugu yangu anayefanya kazi humo. Mlango ulikuwa wazi. Ofisa mwenye umri wa mwanangu alikuwa akimhoji bwana mmoja wa makamo aliyetoka gerezani, anayemalizia kifungo nje kwa kufagia barabara. Alikuwa akimpima kama anaweza kurudia kosa.

"Unashinda na nani?"

"Na wenzangu tunaofagia pamoja, afande."

"Wamewahi kufungwa?"

"Wote."

Kalamu ikasimama. "Marafiki wahalifu. Hiyo hatari."

"Lakini afande, nyie ndio mlionipanga nao."

"Jibu unachoulizwa. Kazi unayo?"

"Nilipata ya kushusha mizigo sokoni. Sasa mizigo inashushwa asubuhi, na asubuhi nafagia."

"Kwa hiyo huna kazi." Akaandika. "Hatari kubwa. Kuanzia kesho utafagia kila siku. Na utafute marafiki wema."

Nilichemka. Tunamfunga mtu miguu, halafu tunamwandikia kwamba hatembei, na mshahara tunalipwa.

Yule bwana akatoka, akatutazama tuliokaa kwenye benchi, akaninyooshea mkono.

"Kaka, umewahi kufungwa?"

"Hapana."

"Basi naomba uwe rafiki yangu."

Hakuwa anatania. Nikaushika mkono wake. Mama aliyekaa kando yangu, ambaye muda wote alikuwa akimsonya yule ofisa, akavuta mkoba wake akaukumbatia.