Mwenyeji Atembeza Wageni

Wanafunzi wenzake walimwita Mwenyeji, kwa kuwa aliwatangulia mwaka mzima kufika nchi ile ya masomo. Jumamosi aliyowatembeza mjini alitangulia mbele, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule, na penye kila sanamu alikohoa kwanza, kisha akatangaza kifo. “Huyu alisukumwa ngazini na shemeji yake. Yule alipigwa teke na farasi wake mwenyewe.” Maandishi ya chini aliyapa kisogo. Vichochoro alivichagua kwa kidevu, navyo vikawarudisha kwenye sanamu ile ile ya mwenye farasi. “Nataka mumkariri,” alisema.

Walipofika darajani mama yake akampigia simu ya video. “Mwanangu, leo umetoka nje!” mama alipaza sauti, karibu alie. “Mwaka mzima nyuma yako naona kitanda tu! Na hao ni marafiki?”

Mwenyeji alimuaga haraka, akainamia viatu vyake, mikono imekosa pa kukaa. Wenzake waliumauma midomo wasicheke. Mdogo kuliko wote, binti aliyemcheka tangu asubuhi, akanyoosha kidole kwenye sanamu iliyo mwisho wa daraja. “Kaka Mwenyeji, na huyu bwana aliuawa na nini?”

Mikono ikarudi nyuma. Akakohoa.

“Huyo? Mama yake alimpigia simu mbele za watu.”