Mguu wa Fundi Cherehani

Fundi cherehani wa mtaa wa Yeoville, huku ugenini, hajui kutulia. Hata hapa bwawani, Jumapili, wenzake wakiwa wamejilaza kwenye viti vya kukunja wakisubiri besi, yule samaki wa mdomo mpana, yeye ameketi juu ya jiwe na mguu wake wa kulia unachapa udongo, kanyaga, kanyaga, kana kwamba cherehani imefuatana naye. Ndoano amezichomeka kwenye ukosi wa koti, palepale anapochomeka pini akiwa kazini. Mshipi anaukata kwa meno. Akiurusha, hata haujatulia majini ameshauvuta, abadili chambo, ahamie jiwe jingine, na mguu unaendelea.

"Eish, fundi, unatufukuzia samaki," analalamika Selemani, mwenzake wa Jumapili zote. "Utulize huo mguu, bwana."

"Nikiutuliza mguu, kichwa kinaanza."

Selemani anacheka. Mara mshipi unakaza. Fundi anapiga magoti ukingoni, anavuta polepole kuliko siku zote, na mguu umetulia tuli. Besi wa hapa haliwi, hurudishwa. Ndiyo sheria ya bwawa. Anamchomoa ndoano kwa vidole viwili kama anayefumua mshono, anamshikilia chini ya maji mpaka samaki anapata nguvu na kwenda zake. Mikono ya fundi inabaki mlemle majini.

"Saa hizi kule Tanga wanamzika mama," anasema.

Selemani, aliyeusema mguu ule tangu asubuhi, anautazama ulivyolala kwenye tope, na moyoni anauomba uanze tena.