Mchanga wa Gundi

Sijawahi kumdharau mtu kama ninavyomdharau mkurugenzi wetu Sadasivan, na mshahara wake naula kila mwezi.

Lakini habari hii ni ya Karthyayani. Sisi Wahindi wa Palakkad, mwanamke anayefundisha watoto herufi mchangani tunamwita Ashatti. Miaka thelathini na minane alifundisha barazani kwake. Anamshika mtoto kidole, wanaandika pamoja, kisha anafuta kwa kiganja. "Tena, mwanangu." Wanaandika, anafuta. Mchanga unakwaruza ncha ya kidole mpaka mkono wenyewe unakariri. Nusu ya mtaa wetu tulijifunza hivyo, Sadasivan akiwemo.

Alipofungua shule yake ya "hekima ya kale na elimu ya kisasa", Sadasivan alimfuata Ashatti na kumvisha kilemba cha ukoka.

"Ashatti, wewe ndiwe nguzo yetu. Funga baraza, uje na watoto wako wote."

Akafunga. Watoto kumi na tisa wakahamia kwetu.

Akawekwa kwenye chumba cha kioo karibu na mlango mkubwa, amevikwa nguo nyeupe iliyopigwa pasi, mbele yake sinia la mchanga. Mchanga gani! Ulikuwa umemwagiwa gundi ukakauka kama jiwe, herufi zimeshachongwa, maana wazazi walilalamikia vumbi. Mtoto anapitisha kidole kwenye mfereji, anapigwa picha, anarudi kwenye kishikwambi chake.

"Hii haifutiki," Ashatti alisema.

"Ndiyo uzuri wake!" Sadasivan akajibu. "Hata kukosea haiwezekani."

"Asiyekosea anajifunza nini, wewe?"

Akacheka, akaenda kupokea simu. Debe tupu lile.

Siku ya wageni, Abhinand, mtoto wa miaka minne, alipitisha kidole kwenye herufi ya kwanza. Wazazi wakapiga makofi. Nami mwalimu wake nikapiga, Mungu anisamehe. Ashatti akainuka, akatoka uani, akarudi na mchanga wa kawaida kwenye upindo wa nguo, akaumwaga juu ya marumaru.

"Haya, mwanangu. Andika hiyohiyo hapa."

Mtoto akapapasa kwa kidole akitafuta mfereji. Hakuuona. Akaanza kulia.

"Miezi minane yuko hapa," Ashatti akawaambia wazazi. "Miezi minane! Kwangu angekuwa anaandika jina la mama yake."

Nilidhani sasa wameelewa. Mama yake Abhinand akasimama.

"Jamani, Ashatti, ndiyo nini kumliza mtoto mbele za watu? Na sakafu yote hii utaifagia wewe?"

Wenzake wakamwitikia. Wanawake kwa wanaume, wote wenye vyeti vya chuo kikuu, wakasikitikia marumaru.

Ashatti alifukuzwa jioni ileile. Jumatatu alifungua baraza lake, akapepeta mchanga, akakaa kungoja. Hakurudishiwa hata mtoto mmoja.

Kwenye chumba cha kioo Sadasivan amemweka Pechiyammal, mfagizi wetu kutoka upande wa Watamil, ambaye herufi zetu hajui hata moja. Amekatazwa kusema. Wazazi wanamwinamia miguuni na kuwaombea watoto wao baraka kwake. Mimi nikipita namwamkia, "Shikamoo, Ashatti," kama nilivyoagizwa, naye hunitazama kwa haya, kisha anainamisha macho.