Pua na Punda Wake

Mume wangu anaitwa Pua. Si kwa ukubwa, ingawa nayo si haba. Wanamwita hivyo pale kinuni kwa sababu kwa miaka ishirini na miwili yeye ndiye aliyenusa mahindi yote kabla hayajasagwa. Lori likiingia, anachoma gunia kwa bambo, kile chuma chenye ncha kinachochota nafaka bila kufumua mshono. Anamimina punje kiganjani, anafumba macho, ananusa. "Safi," au "Rudisha." Madereva wamemtukana, wamembembeleza, hakuna aliyemgeuza.

Mimi nashona midomo ya magunia hatua chache kutoka hapo, kwa hiyo maringo yake nayapata kazini na nyumbani. Sahani ikifika mezani, lazima inuswe kwanza. Nimeolewa na mkaguzi.

Punje zinazobaki kiganjani ni haki ya punda. Ndiyo desturi yetu: punda anayevuta mkokoteni kutoka kwenye lori hadi ghalani hupewa kilichonuswa, anatafuna, kazi inaanza. Hakuna aliyewahi kufikiria zaidi ya hapo. Punda ni punda.

Basi mwaka huu Pua akashikwa na mafua mabaya. Mafua yakapona, pua haikupona. Niliona mimi. Maharage yaliungua jikoni hadi jirani akaja kugonga mlango, naye amekaa palepale anasoma gazeti. Alikunywa maziwa yaliyoharibika akasema yametulia. Nikimuuliza, anakuja juu: "Pua yangu ni nzima, mama watoto! Hebu niache."

Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuolewa na huyu. Nilichoka. Na kilichonichosha zaidi ni kwamba kazini alikuwa bado hakosei.

Jibu nililipata asubuhi moja, lori lilipoleta mahindi ya shule ya bweni, ileile anayosoma kitindamimba wetu. Baba mtu akachoma, akamimina, akafumba macho. Halafu, kabla ya kutamka lolote, akampelekea punda kiganja huku amefumbua jicho moja.

Jicho moja! Nikaelewa yote palepale, hata shazia, sindano yangu ya magunia, ikanichoma kidole. Miezi mitano mwanamume huyu alikuwa anangoja punda ale ndipo atangaze "Safi".

Siku hiyo punda hakula. Alishusha kichwa, akapuliza pumzi, akageuza shingo. Pua akamsogezea tena. Punda akarudi nyuma na mkokoteni wake.

Kwa bahati mbaya meneja alikuwa amesimama mlangoni. Akacheka. "Pua, siku hizi unaomba ushauri kwa punda?"

Wapagazi nao wakaangua kicheko. Nikamwona mume wangu anavimba, nikamwomba Mungu amkumbushe mtoto wake.

"Kashiba tu huyu," akasema. "Safi! Shusheni."

Nilipandwa na hasira ambayo sijapata kuijua. Mtu akitaka kufa na tai shingoni, shauri yake, lakini si kwa tumbo la mwanangu. Nililiendea gunia la kwanza, nikaufumua mshono, nikalimwaga lote sakafuni. Juu mahindi meupe, mazuri. Katikati likadondoka bonge la kijani lililoshikana kwa kuvu.

Wapagazi walirudi nyuma wakiziba pua. Mume wangu peke yake alibaki ameinama juu ya lile bonge, anavuta hewa, anavuta tena.

Meneja hakucheka tena. "Husikii harufu?"

"Sisikii, bosi. Tangu yale mafua."

Mimi niliziokota zile punje alizozikataa punda, nikazinusa kwa pua yangu nzima. Sikusikia kitu, mahindi tu. Hata Pua wa enzi zake sijui kama angeng'amua. Nikakumbuka siku mbili tatu za miaka ya nyuma punda alipokikataa kiganja, tukamwita mkaidi na kumpiga fimbo. Unga ule tuliusaga, na watu wakaula.

Lori likageuzwa. Meneja akachukua bambo akanipa mimi, na hatamu ya punda akampa mume wangu. "Kuanzia kesho punda ndiye wa kwanza," akasema. "Akikataa, hakuna mjadala."

Njia nzima ya kurudi nyumbani nilisema mimi. Nilisema mpaka koo likakauka. "Punda amejua, mimi sijui! Mimi ni nani kwako, mpangaji?"

Tulipofika mlangoni akasimama.

"Niliogopa," akasema. "Kazi ni kazi, ningepata nyingine. Lakini nikikaa karibu yako, mama watoto, sisikii kitu. Kama vile hupo."

Nilikuwa bado na maneno ya wiki nzima. Nikayaacha. Nikamwambia nanuka jasho na vumbi la mahindi, kama miaka yote, kwa hiyo hajapitwa na kitu.

"Niambie tena," akasema.