Njia ya mawe ya ziwani, kibuyu cha rubisi na siku niliyokwenda kuposa Kemondo

Wakuu, habari za humu. Mimi ni mzee sasa, sina sababu ya kuwapiga fiksi. Haya yalinipata mwenyewe, enzi za ujamaa, upande wa Muleba.

Naona vijana mnaposti picha za hiking, viatu vya bei mbaya na fimbo mbili mbili. Safi.

Sisi tulikuwa na njia ya mawe, inafuata ziwa kuelekea Kemondo. Ni ya zamani kuliko barabara, hata babu yangu aliikuta. Mwamba umelika kwa nyayo za watu mpaka umefanya mfereji, ukitoka humo unateleza hadi majini. Mti hakuna. Jua likipanda, jiwe linaunguza miguu.

Sasa kilichonipeleka huko.

Nilitaka kumwoa Koku. Baba yake alifanya kazi bandarini Kemondo, mapumziko yake Jumatano. Akatuma neno: njooni Jumatano hii na rubisi ya posa, msipotokea kuna familia nyingine imeshabisha hodi.

Jumatano kwetu ilikuwa siku ya shamba la kijiji. Kila mwenye nguvu na jembe lake, na shamba lenyewe liko kando ya barabara. Hebu fikiria unapita pale na kanzu, kibuyu cha pombe kichwani, mwenyekiti anakutazama. Ungelima na kanzu yako.

Ikabidi tupite njia ya mawe, mimi na Tata, yaani baba yangu.

Kwa wasiojua, rubisi ni pombe yetu ya ndizi. Ikiwa changa bado inachemka yenyewe, ndiyo maana kibuyu huzibwa kwa jani la mgomba lililolegea, ipate kupumua.

Tata aliogopa itamwagika kwenye miamba. Akakunja jani, akalishindilia kwa kiganja, akafunga na kamba juu.

"Tata, si itakosa hewa?"

"Wewe beba. Mimi nimeposa kabla yako."

Nikabeba. Kwenye mawe hakuna mbwembwe, unatazama chini na kuweka mguu alipoweka mwenzako. Jua likapanda. Kibuyu kikaanza kunguruma kichwani. Nikamwambia Tata, akasema ni tumbo langu.

Tulipoanza kuteremkia Kemondo, kikapasuka. Rubisi yote ikanishukia, kanzu ikanigandia mwilini, vipande vya kibuyu vikabiringika hadi ziwani.

Tata akakaa juu ya jiwe. Kurudi ni kumpoteza Koku, kwenda mikono mitupu ni tusi. Niliogopa sana wakuu, lakini nikatangulia.

Tukafika. Nanuka kama kilabu cha pombe. Mzee, baba yake Koku, akanitazama juu hadi chini.

"Waitu, ndugu yetu, rubisi tulikuwa nayo," Tata akaanza.

"Naiona," mzee akasema. "Desturi ni mleta kuonja kwanza. Huyu ameonja mwili mzima."

Hakuna aliyecheka. Akasema posa bila rubisi hajawahi kuisikia, na ile familia nyingine inakuja jioni. Akaanza kunyanyuka.

Hapo Koku akatoka ndani. Kwetu wakati ule binti anayeposwa hakutokeza mbele ya wageni, alikaa ndani mpaka aitwe. Yeye alitoka bila kuitwa, amebeba kibuyu cha rubisi ya baba yake, ile ya kunywa nyumbani. Akapiga magoti, akakiweka mbele ya Tata, sio mbele ya baba yake. Akarudi ndani.

Tata akaelewa. Akamimina kwenye kata, akaonja kama mleta anavyotakiwa, kisha akampa mzee kwa mikono miwili.

Mzee akaishika ile kata muda mrefu.

Akanywa.

"Nimeletewa pombe yangu mwenyewe," akasema. "Basi mchukueni. Akibaki hapa, kesho atawagawia watu hata nyumba."

Nilichojifunza: ukibeba pombe changa juani, legeza jani, hata kama aliyelikaza ni baba yako.

Kuhusu ndoa sina somo la kuwapa. Watu husema nilimwoa Koku. Mimi najua siku ile nani alimwoa mwenzake.

Mliowahi kupita ile njia, au mlioposa mkiwa mmelowa, uwanja ni wenu.