Kitu Kisipotimia

Kwetu Lyulilo, kando ya ziwa, chungu kina hali mbili tu. Kikitoka motoni na kupoa, mfinyanzi hukigonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Kikilia, ni kizima. Kisipolia, kimekufa, na mwenyewe hukivunja hapo hapo. Mama alinifundisha hivyo, na sikujua kwamba kuna watu wenye maneno mengi ya kutaja vyungu vilivyo katikati.

Mama alifariki kwa homa muda mfupi baada ya baba. Nilikuwa nikisoma kwa wamisionari Wajerumani pale Matema, na ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kusoma bila kufuatisha maneno kwa kidole. Niliacha. Nyuma yangu kulikuwa na wadogo wawili: wa kiume, ambaye kidonda ndugu kilikuwa kimemla mguu mpaka kifundo kikakakamaa, na wa kike aliyekuwa bado akibebwa mgongoni. Nilikaa mahali pa mama penye udongo, nikafinyanga.

Vyungu vyetu tulivibadilisha kwa chakula. Mnunuzi hukijaza chungu mahindi au maharage, huyamimina kwenye kapu lako, kisha chungu kinakuwa chake. Lakini wafinyanzi walikuwa wengi, na vyungu vya msichana havikupata wa kuvijaza. Ndipo mama mdogo akanichukua kwenye mtumbwi hadi ng'ambo ya mdomo wa mto Songwe, upande wa Waingereza, kwa mke wa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akinunua vyombo vya udongo.

Bibi yule hakugonga chungu. Alikizungusha mikononi, akakiinua kwenye mwanga, akasema neno taratibu huku akitabasamu. Mpishi wake, mtu mzima aliyekijua Kiswahili, ndiye aliyetutafsiria.

"Anasema si kibaya," alisema kuhusu chungu cha mama mdogo.

Mama mdogo akanuna. "Si kibaya? Mgongo wote huu umeniuma ili niambiwe si kibaya?"

"Shangilia, mama. Hawa wakisema kitu si kibaya, wamekipenda mno."

Ikafika zamu yangu. Bibi alitabasamu zaidi.

"Anasema kinapendeza, kwa namna yake."

Nilifurahi. Mpishi akatikisa kichwa. "Hapana, binti. Ukisikia 'kwa namna yake', kifunge kwenye mzigo wako. Hakitaki."

"Kwa nini asiseme kimekufa?"

"Kwao ni utovu wa adabu. Hata kikiwa hakina shingo atasema kimepungukiwa kidogo. Au atasema amewahi kuona vizuri zaidi. Au atasema hakijafikia alama, kana kwamba kuna mstari umechorwa ukutani na kila kitu cha dunia kinasimamishwa hapo."

"Huo mstari uko wapi?" mama mdogo aliuliza.

"Nami nautafuta tangu nianze kazi hapa."

Cha mwisho changu kilikuwa kimeinama upande mmoja. Bibi alikitazama, akatazama kapu langu lililokuwa tupu, akasema neno fupi.

"Kitafaa," mpishi alitafsiri. "Atakijaza nusu."

Nusu hiyo ya mahindi ndiyo niliyorudi nayo nyumbani, na wadogo zangu wakala. Siwezi kulisema vibaya neno lililotulisha. Tuliporudi mara nyingine nilikiona chungu changu nyuma ya jiko, kimejaa majivu. Vingine vya namna hiyo vilikuwa vinanyweshewa kuku. Vikipasuka vilisukumwa kando kwa mguu, na hakuna aliyeuliza.

Miaka ikaenda hivyo. Maneno ya Bibi yakawa mchezo wetu nyumbani. Nikiunguza ugali, mdogo wangu wa kiume aliunusa, akafumba macho kama mtu anayesali, akasema, "Mzuri, dada, kwa namna yake." Yule mdogo wa kike, akioga bila kusugua miguu, tulimwambia hajafikia alama. Tulicheka sana ndani ya nyumba ile. Watu walidhani yatima hawacheki.

Kisha vita vikafika. Wajerumani walirudi nyuma kuelekea milimani, na Waingereza wakavuka Songwe. Hawakuwa na wanyama wa kubebea vitu vyao, kwa hiyo wakuu wetu waliambiwa watoe wanaume. Mdogo wangu alikuwa amekuwa mrefu, mabega mapana, na bado akichechemea. Jina lake likatajwa.

Nilimsindikiza mpaka Bujonde, walikopiga kambi, nikiwa nimebeba ndizi za kupika kwenye furushi. Njiani nilimwambia, "Ukiitwa, tembea kama unavyotembea nyumbani. Usijikaze."

"Nitembee kilema mbele ya watu wote?"

"Ndiyo. Wakuone. Wakurudishe."

"Dada, mimi si chungu."

"Ndiyo sababu nakuambia."

Pale kambini mzungu mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, na kila mwanamume alitembea mbele yake kwenda na kurudi. Aliyesimama kando yake kutafsiri alikuwa yule mpishi wetu. Alikuwa amezeeka. Aliniona katikati ya wanawake, na hakutabasamu.

Mdogo wangu alipoitwa, alitembea sawasawa. Sijui alifanyaje. Aliukanyagia ule mguu kama mzima, na kutoka nilipokuwa niliona jasho likimtiririka shingoni. Nilitamani achechemee. Hakuchechemea. Lakini yule mzungu alikuwa na macho. Alielekeza fimbo yake kwenye kifundo cha mguu, akasema maneno ambayo sikuhitaji mpishi anitafsirie. Hajafikia alama.

Nilianza kulifungua lile furushi, nikifikiri tutatafuta moto wa mtu tuchome ndizi, tule kabla ya kurudi. Mzungu akageuka, akatazama waliobaki kwenye mstari. Walikuwa wachache, na mizigo ilikuwa mingi. Akasema neno jingine, fupi.

Mpishi hakutafsiri mara moja. Alinitazama kwanza.

"Atafaa," akasema.

Nilimwendea. "Baba, amesema hajafikia. Wewe mwenyewe ulinifundisha."

"Amesema, binti. Kisha akasema hilo la pili."

"Mwambie kuhusu mguu."

"Ameuona mguu."

Mdogo wangu alikuwa amekwisha kusogea upande wa waliochukuliwa. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijaweza kuisahau, furaha ya mtu ambaye hakurudishwa. Nilimpa furushi la ndizi. "Umeona, dada?" alisema. "Nimepita, kwa namna yangu." Akacheka, nami nikacheka kwa sababu alitaka nicheke. Kisha akaniambia nimwangalie mdogo wetu.

Waliorudi walirudi wakati wa mvua, wamekonda. Mmoja wao, mtu wa Bujonde, alikubali kuniambia. Walikuwa wakipanda kuelekea nchi ya baridi, na mguu ulimshinda mdogo wangu kabla ya kufika juu. Mzigo wake waligawiwa wengine. Yeye aliachwa mahali palipokuwa na kibanda kilichohamwa, wakamwekea unga kidogo, wakaamriwa waendelee. Nilimwuliza kama kuna aliyetumwa kurudi kumtazama.

"Hapana," alisema. "Ila mzigo ulifika."

Nilimwambia ndaga, asante ya kwetu, kwa sababu alikuwa amekuja kwa miguu kuniambia, nikampa chakula.

Bado nafinyanga. Mdogo wangu wa kike ana watoto wake sasa, na siku za kuchoma huja kunisaidia. Kuna vyungu ambavyo nikivigonga havilii wala havinyamazi, hutoa sauti ya katikati. Wanunuzi wanaoshuka kutoka milimani huviomba, wanasema watavijaza nusu. Mimi huvivunja.

Juzi nilivunja kimoja, kikubwa, ambacho udongo wake tuliusafisha mimi na mdogo wangu.

"Dada," alisema, "hicho kingefaa hata kwa majivu."

Lile neno alilisikia likimtoka. Kisha akapiga magoti na kuanza kuokota vigae, kimoja kimoja, akiviweka kwenye kanga yake.